Uliza Ujibiwe: Kwenda Valencia kuona Mji wa Sanaa na Sayansi

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya jengo jeupe lenye umbo la jicho, lililoko Valencia, Hispania. Maswali yaliyofika baada yake, mengi kutoka Lamu na Malindi, tumeyapunguza hadi haya sita. Walioandika jambo lilelile tumewaunganisha.

*Nina jamaa Madrid, na nitapata siku mbili tu za kufika Valencia. Pale ni jengo moja au mengi? Ninunue tikiti ya vyote? — Msomaji wa Langoni, Lamu*

Ni majengo sita na daraja moja kubwa, yamepangwa kwa mstari wa karibu kilomita mbili. Jina lake kwa Kivalencia ni Ciutat de les Arts i les Ciències, na kwa Kihispania ni Ciudad de las Artes y las Ciencias. Vibao vya mjini hutumia lugha zote mbili, kwa hiyo ukikuta tahajia mbili usidhani umepotea.

Kabla ya tikiti, jua kwamba ukifika pale unatembea ndani ya mto. Turia ulipita katikati ya mji hadi tarehe 14 Oktoba 1957, ulipofurika na kuua watu. Baada ya msiba ule ukachimbiwa njia mpya kusini, na ile ya zamani ikabaki kavu. Serikali ilitaka kupitisha barabara kuu humo; wakazi wakadai bustani, wakaipata. Leo ni bustani ya takriban kilomita 9, na majengo haya yako kwenye kipande chake kinachoelekea baharini. Madaraja ya mawe utakayoyaona yamesimama juu ya nyasi yalivukisha watu mto kwelikweli. Na katika mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 mkoani humo, Turia ulipita kwenye ile njia mpya. Katikati ya mji kukasalimika, vitongoji vya kusini vikaumia.

Ukitoka mjini utakutana kwanza na Palau de les Arts, nyumba ya opera iliyofunguliwa 2005, kimo chake mita 75. Inafuata Hemisfèric, ndiyo lile jicho, jengo la kwanza kufunguliwa, Aprili 1998. Ndani mna skrini ya kuba yenye mita za mraba 900. Kisha Makumbusho ya Sayansi ya mwaka 2000, na ubavuni mwake Umbracle, bustani iliyofunikwa na matao. Mbele kuna daraja la Assut de l'Or lenye mnara wa mita 125, halafu Àgora, ambamo tangu 2022 mna kituo cha maonyesho cha CaixaForum. Mwisho kabisa ni Oceanogràfic, makao ya viumbe wa baharini, lililofunguliwa 2003. Karibu yote yamechorwa na Santiago Calatrava, mzaliwa wa Valencia. Mapaa ya Oceanogràfic ni ya Félix Candela, aliyefariki 1997 bila kuyaona yamekamilika.

Sasa tikiti. Kutembea nje, kuzunguka vidimbwi, kupita Umbracle na kuingia ukumbi wa chini wa makumbusho ni bure, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo nusu bora ya ziara nzima. Zinazolipiwa ni pamoja na Oceanogràfic, makumbusho na Hemisfèric. Oceanogràfic ni ghali kuliko nyingine kwa mbali. Iko tikiti ya pamoja, nafuu kuliko kununua mojamoja, na si lazima uitumie yote siku moja. Kosa ambalo wageni hulirudia ni kuingia kote kwa siku moja: Oceanogràfic peke yake hula saa nne hadi tano, makumbusho saa mbili au tatu, na Hemisfèric ina saa maalumu iliyoandikwa kwenye tikiti. Ukichelewa onyesho, limekupita.

Kwa siku mbili zako fanya hivi. Siku ya kwanza fika alasiri, tembea nje tangu Palau hadi kwenye daraja, ukae mpaka taa ziwake. Siku ya pili ingia Oceanogràfic mlango unapofunguliwa. Makumbusho yaache kama huna watoto. Ukitaka picha ya jengo na kivuli chake majini, rudi asubuhi mapema: upepo wa baharini hupanda mchana, na kwa vile vidimbwi ni vya kina kifupi, hata upepo mdogo huvuruga sura yote.

Kutoka Madrid panda treni ya kasi. Safari ni chini ya saa mbili na utashukia kituo cha Joaquín Sorolla. Ukija kwa ndege, metro namba 3 na 5 hutoka uwanjani hadi mjini, shuka Xàtiva. Kutoka hapo tembea hadi kituo cha Alacant, kilicho jirani, upande namba 10, ushuke kituo chenye jina la Ciutat Arts i Ciències.

*Viza inachukua muda gani, na kwa nini watu hunyimwa? — Msomaji wa Barani, Malindi*

Hispania imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hizo 15. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyefikisha 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi na ihusu nchi zote za Schengen. Alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, kwa hiyo weka hesabu ya safari ya Nairobi.

Mambo yanayoharibu maombi ni yaleyale. Pesa nyingi kuingia benki wiki moja kabla: anayesoma taarifa yako anataka kuona kipato cha miezi kadhaa, na rundo la ghafla humtia shaka kuliko salio dogo lililotulia. La pili ni kuomba ubalozi usio wako. Kama ndege inatua Paris lakini usiku mwingi utalala Valencia, maombi ni ya Hispania. La tatu linatugusa sana watu wa pwani, nalo ni majina. Pasipoti ina majina matatu, benki ina mawili, barua ya kazi imeongeza bin au binti na kugeuza mpangilio. Sawazisha karatasi zote zifuate pasipoti kabla ya kuomba miadi. Anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake awe na barua ya idhini iliyosainiwa mbele ya wakili.

*Watoto wangu, wa miaka 5 na 9, wanaogelea Watamu na wameshapanda mashua ya kioo kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi. Kuna maana kulipa ili waone samaki? — Mama wa watoto wawili, Malindi*

Mama wa wawili, swali lako ni la haki. Malindi imehifadhi bahari yake tangu 1968, na mtoto aliyeona matumbawe yakiwa hai hatashangazwa na matumbawe nyuma ya kioo. Kwa hiyo usipoteze muda kwenye ukumbi wa bahari za joto. Wapeleke waone ambavyo kwetu havipo: pengwini, nyangumi weupe wa bahari za barafu, na tufe kubwa la waya lenye ndege wa mabwawani ndani yake. Na handaki la papa: unatembea chini, wao wanapita juu ya kichwa, tumbo lao jeupe likiwa karibu kuliko utakavyoliona ukiwa juu ya mashua.

Ukubwa wake watoto wataupata hivi. Matangi yote pamoja yana lita milioni 42 za maji. Boza la lita elfu kumi lingelazimika kuja mara 4,200.

Anzeni na handaki la papa mara mlango unapofunguliwa, saa nne asubuhi, kwa sababu kufikia saa sita mchana hapo ni kusukumana. Onyesho la pomboo lina saa zake; zisome mlangoni na mfike dakika 20 kabla. Wapo wazazi wasiopenda kuwaonyesha watoto wanyama wakichezeshwa, na wana hoja. Sehemu hiyo inarukika bila hasara. Msikose kuuliza habari za kasa, maana Oceanogràfic hutibu kasa walionaswa na nyavu kisha huwarudisha baharini. Watoto wa Watamu watakuwa na mengi ya kulinganisha.

Wa miaka 9 atafurahia pia makumbusho, ambayo kauli yake ni kwamba ni marufuku kutogusa. Wa miaka 5 atachoka upesi humo. Jua ni hatari ambayo watu wa pwani huidharau: Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, na lile zege jeupe hurudisha mwanga machoni kama mchanga wa Shela adhuhuri. Kofia, maji, na kivuli cha Umbracle saa nane mchana. Vidimbwi havina ruhusa ya kuogelea hata vikishawishi vipi. Waambieni kabla hamjafika.

*Tunaomba mtueleze habari za swala na chakula. — Wasomaji wanne wa Lamu, pamoja na mmoja wa Mambrui*

Kwanza saa. Hispania iko nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi. Jambo linalowatatiza watu wa Lamu ni urefu wa mchana. Kwetu Magharibi haitoki kwenye saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Valencia mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na Isha huingia baada ya saa tano. Desemba Magharibi ni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ratiba ya ziara ipange ukiwa na nyakati za swala za tarehe hiyo mkononi, usikadirie kwa mazoea. Kibla nacho kinahama: Lamu tunaelekea kaskazini, Valencia ni mashariki ikiinamia kusini kidogo. Ukisimama katika bustani ya mto, majengo haya yako upande wa baharini wa mji, na bahari iko mashariki, kwa hiyo hata bila simu unapata pa kuanzia.

Chakula cha Valencia ni wali. Paella ya asili ni mchele wa pale, kuku, sungura, maharage mabichi na maharage meupe makubwa, zafarani na mafuta ya zaituni, ikipikwa bila kufunikwa kwenye karai pana la kina kifupi. Nyama ya hoteli za kawaida si ya kuchinjwa kwa sharia. Agiza wali wa samaki unaoitwa arroz a banda, au arroz negro uliotiwa wino wa ngisi, na uulize supu ya kupikia imetokana na nini. Jifunze maneno haya kwa moyo: cerdo ni nguruwe, jamón ni paja lake, chorizo ni soseji yake, na manteca ni mafuta yake. Mantequilla ni siagi tu, wala isikutishe. Maduka ya halali yapo mtaa wa Russafa, jina lililobaki tangu enzi za Waislamu, na ukisikiliza vizuri sokoni utasikia azúcar, azafrán na aceituna, ambazo ni sukari, zafarani na zaituni zetu zilizopita njia nyingine kutoka Kiarabu.

Kinywaji cha kujaribu ni horchata. Hutengenezwa kwa chufa, vijinundu vya mmea wa jamii ya ndago, vinavyolowekwa, kusagwa na maji, kuchujwa na kutiwa sukari. Hunywewa baridi sana, haina kileo wala maziwa. Huharibika upesi, kwa hiyo inunue inakotengenezwa, usinywe ya chupa.

*Mimi ni fundi wa lipu na vigae Shela. Nimesikia vigae vya jengo moja la huko vilianguka. Nataka kujua kwa nini, maana huku tunabandika vigae juu ya mapaa. — Fundi wa Shela*

Fundi, umeuliza swali ambalo wageni wengi hupita bila kuliona. Jengo hilo ni Palau de les Arts, na weupe wa paa lake si rangi. Ni vipande vya vigae vya kauri vilivyovunjwa na kupangwa kimojakimoja, ufundi unaoitwa trencadís, ulioenezwa na Antoni Gaudí huko Barcelona. Vipande vidogo hufuata mviringo ambao kigae kizima hakiwezi. Wazo hilo si geni pwani yetu: kaburi la nguzo la Mambrui lilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina zilizozamishwa kwenye lipu ya chokaa.

Mwezi Desemba 2013 upepo mkali uliangusha vipande kutoka paa la Palau de les Arts, nyumba ikafungwa, na vigae vikabanduliwa ili vibandikwe upya. Jengo lilikuwa na umri wa miaka minane tu. Tazama kilichokuwa chini ya vigae: bati za chuma. Chuma cha mita 10 kikipata joto la nyuzi 40 zaidi ya awali hurefuka kwa karibu milimita 5. Kauri hurefuka kama nusu ya hapo. Kila mchana jua huvuta chuma, kila usiku chuma hurudi, na gundi iliyo katikati ndiyo inayovutwa huku na huku. Siku moja inaachia, hewa inaingia nyuma ya kigae, na upepo unamaliza kazi.

Kwa paa la Shela chini huwa kuna zege, lenye mwendo mdogo kuliko chuma, lakini kanuni ni ileile na tunaongeza chumvi. Hakikisha zege limekauka walau siku 28. Lisugue kwa brashi ya waya na ulioshe, kwani vumbi ndilo adui wa kwanza wa gundi. Tumia gundi ya vigae inayovumilia kunyumbuka, si saruji tupu, na uipake kwa mwiko wenye meno eneo dogo unaloweza kulimaliza kabla haijashika ngozi. Ukigusa kwa kidole na isikushike, ikwangue uanze upya. Kigae kibonyeze mpaka gundi ijae mgongo mzima. Acha mapengo ya milimita 3 hadi 5 kati ya vipande, na kila mita 3 hivi acha mwanya mzima kutoka juu mpaka chini, ujazwe kwa silikoni, usijazwe saruji. Mwanya huo wateja huuchukia kwa sura yake. Usiuondoe. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukioshwa: chumvi itakayobaki itanyonya unyevu, itapanda, na itasukuma kigae kutoka nyuma kama inavyosukuma lipu ya kuta zetu za matumbawe.

Baada ya wiki mbili pita na mpini wa nyundo ukigonga kipande kwa kipande. Kinacholia kwa sauti ya mtungi mtupu kibandue siku hiyohiyo.

*Kazi yangu ni majahazi. Mwanangu anataka nimsindikize huko. Kuna la kutazama mtu kama mimi? — Fundi wa Matondoni*

Lipo, na pengine utaliona vizuri kuliko mwanao. Simama ndani ya Umbracle, mwanzo wake, utazame mpaka mwisho. Kuna matao zaidi ya mia moja kwa urefu wa mita 320, kila moja likifika mita 18 juu. Ni mataruma ya jahazi lililogeuzwa kabla ya kupigwa mbao. Makumbusho ya Sayansi ni vivyo hivyo: ubavu baada ya ubavu kwa mita 220, na mzigo wa paa unashuka kwenye mbavu hizo hadi ardhini. Daraja la Assut de l'Or lina mlingoti mmoja ulioinama, na nyaya zilizokazwa upande mmoja huibeba njia huku nyingine zikivuta nyuma ili mlingoti usianguke. Kanuni hiyo unaijua kila unaposimamisha mlingoti.

Lakini nenda ukaangalie zaidi paa la mkahawa wa Oceanogràfic, la Candela. Linaonekana kama ganda la kombe lililopinda pande mbili kwa wakati mmoja, na ni zege jembamba. Siri yake ni kwamba umbo hilo, ingawa limepinda, linapatikana kwa mistari iliyonyooka. Chukua vijiti viwili, funga nyuzi nyingi kutoka kimoja hadi kingine, kisha pindua kijiti kimoja: kila uzi umebaki umenyooka, ila uso wote umepinda. Kwa hiyo mafundi wanaweza kutengeneza kalibu ya zege kwa mbao za kawaida zisizopinda, zikiwekwa moja baada ya nyingine kila moja ikigeuka kidogo. Zege likikauka, umbo lenyewe ndilo linalobeba, ndiyo maana halihitaji unene. Mwambie mwanao akutafutie pembe inapokanyaga chini. Hapo ndipo nguvu zote zinapokutana, na hapo ndipo utaona ganda limenenepeshwa.